Chumba cha Yaya

Chumbageni, Tanga
Ijumaa, mchana

Kwa Dada yangu Mwanakombo, Kilwa Kivinje.

Dada, shikamoo. Nakuamkia mapema, maana najua ukishaifungua barua hii utaanza kunitukana kabla hujafika katikati. Mama hajambo? Miguu bado inamvimba, au ule mwarobaini umemfaa? Na kifua chako je, umeacha kukohoa usiku? Mimi mwili wangu mzima. Nala, nalala, na meno yangu yote ninayo kinywani. Habari za moyo usiniulize kwanza.

Barua yako niliipata zamani, nikaitia chini ya mto. Umeniuliza neno moja tu, tena kwa ukali: ni kweli nimeachwa kwa ajili ya chumba? Unasema huko Kivinje habari imeletwa na mwanamke aliyetoka Tanga, na sasa wanacheka sokoni, ati binti wa Mwalimu Athumani kapewa talaka kwa kugombea kitanda. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nangoja jambo. Leo singoji tena, basi kaa kitako nikueleze. Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu za chuoni alizotufundisha marehemu Baba, mtu wa hapa akiiokota asiambulie kitu. Hemedi mwenyewe anajua za Kizungu tu. Mama msomee salamu, mengine yameze.

Unajua kwamba mume wangu Hemedi ni mnyapara mkuu kwenye shamba la mkonge, njia ya kwenda Muheza. Unajua pia kwamba miaka minne iliyopita aliniolea mwenzangu, Zuhura, kisichana cha juzi. Mimi nikabaki na nyumba yetu hapa Chumbageni, yeye akawekwa kule kambini. Siku mbili kwangu, siku mbili kwake. Na nikwambie ukweli, zamu Hemedi alikuwa akiishika kama mtu ashikavyo funga. Mvua inyeshe, lori likwame, siku yangu atafika hata kwa miguu. Hilo simnyimi.

Sasa, kampuni yao ina nyumba ya kupumzikia pwani ya Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani. Zamani wakienda Wazungu tu, na watoto wao na mbwa wao. Mwaka huu wakubwa wakasema wanyapara waliotumika miaka mingi nao wapewe siku saba, wale, walale, wapunge upepo bila kufanya kazi. Hemedi akaja hapa amevimba kwa furaha. "Mwanaisha, tutakwenda sote watatu. Vyumba viwili, kimoja chako, kimoja cha mwenzio, na vyote vinatazama bahari."

Dada, nilijitengeneza! Nilinunua kanga mpya, nikafukiza nguo zangu udi siku tatu. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kukaa na Zuhura chini ya dari moja, na nilikuwa nimeapa atarudi anajua nani mke mkubwa. Ndani ya lori nilikaa mbele na dereva, yeye nikampandisha nyuma juu ya magunia, na vumbi la barabara ya Pangani unalisikia tu. Tulipovuka mto kwa pantoni, alikuwa mwekundu toka kope hadi vidole vya miguu. Nilimwambia amependeza.

Tukafika. Nyumba nyeupe, baraza refu, minazi, mchanga umefagiliwa kama sebule. Ofisini palikuwa na karani, kijana wa Kibondei aliyesoma misheni, jina lake Petro, kaptura imepigwa pasi hata ungeweza kukatia kitunguu. Akafungua daftari akasoma: "Bwana Hemedi na Bibi, chumba namba tatu. Na mmoja chumba cha yaya, nyuma ya jiko."

Nikacheka. Nikasema, "Mwanangu, hapa hapana yaya. Hatuna mtoto mchanga."

Petro akatutazama. Zuhura amevaa viatu na gauni. Mimi nimevaa buibui, mkononi nina kapu la sufuria zangu, maana siwezi kula chakula kilichopikwa katika chungu nisichokijua. Akamgeukia Hemedi, akauliza kwa adabu kabisa, "Samahani, Mzee. Bibi ni yupi?"

Nilingoja aseme, Wote. Neno fupi. Hemedi akainua macho, akatazama picha ya Malkia ukutani kama mtu anayesubiri yule mama amsaidie. Kisha akamwonyesha Zuhura kwa kidevu. "Huyu."

"Na huyu mama?"

"Huyu si mke wangu. Ni mtumishi wa nyumbani."

Dada, miaka kumi na tisa nimemfulia mtu huyu. Wanangu wawili nimemzalia na nimewaoza. Nilimuuguza ndui mimi, wakati mama yake mzazi anamwekea chakula mlangoni na kukimbia. Nikatamani ile sakafu inimeze, na isiponimeza mimi immeze yeye.

Baadaye akanivuta pembeni, jasho linamtoka. Ati kule kazini amejiandikisha kuwa ana mke mmoja. Ati Mzungu mkubwa anatafuta Mwafrika wa kumtia ofisini awe msaidizi wake, naye anataka mstaarabu wa mke mmoja. Na kwa kuwa Zuhura ndiye aonekanaye kambini, akaandikwa Zuhura. "Vumilia, Mwanaisha, siku saba tu. Ni mambo ya karatasi."

Nikamwambia, "Karatasi haikusema kitu, Hemedi. Umesema wewe." Akashika njia akaenda zake namba tatu.

Chumba cha yaya nikueleze. Kuta zina masizi, dirisha ni tundu la kupitishia paka, na kitanda ni cha mtoto anayelala amejikunja. Ukutani juu ya mto pana kengele. Waya wake unatoka huko chumba cha wageni, ili memsabu akivuta kamba yaya aruke usingizini. Nilipokwisha tu kuweka kapu langu chini, kengele ikalia juu ya kichwa changu, ngiri-ngiri-ngiri.

Akutukanaye hakuchagulii tusi. Nikaenda jikoni, nikamwomba mpishi sinia. Mpishi ni Mzee Kibwana, Mdigo, mtu mzima wa heshima. Nikatengeneza chai, badala ya sukari nikatia chumvi vijiko viwili, nikaibeba hadi namba tatu. Nikapiga goti mlangoni. "Memsabu ameita?"

Zuhura alikuwa amesimama kitandani, kamba mkononi. Maskini alidhani ni ya kushushia chandarua. Aliponiona nimepiga goti akaanza kulia. "Dada, wallahi sikujua. Nipe mimi chumba kile, wewe kaa hapa. Nitasema mimi ndiye yaya."

"Kunywa chai, Memsabu, itapoa."

Akaionja. Nikaona koo lake likisita. Kisha akainywa yote hadi chini, akanirudishia kikombe, akasema ahsante. Ningetaka anitemee usoni. Nilitoka pale nina hasira zaidi kuliko nilivyoingia.

Jioni ile nilikaa juu ya ndoo nyuma ya jiko nikamkumbuka Baba. Unakumbuka alivyokuwa akitutisha wasichana na wavulana pamoja? Kwamba ndoa na talaka havina mzaha, ulimi ukiteleza umeteleza. Nikawaza, mtu akisema mbele ya watu "huyu si mke wangu", amesema nini? Na akisema mara tatu? Hapo ndipo shetani aliponikalia begani, nami nikamkaribisha vizuri nikampa na mkeka. Nikasema, moja ninayo. Nitazipata mbili zilizobaki, kisha nimpeleke kwa shehe nikamwone anavyotambaa.

Ya pili haikunipa taabu. Asubuhi yake yupo Memsabu mwenyewe, yule anayetunza nyumba, Mzungu mrefu mkavu ajuaye Kiswahili cha kuamrishia. Nilipomwona anakuja barazani, nikaenda nikaketi kwenye kiti cha wageni, cha kitambaa, mguu juu ya mguu, karibu na Hemedi aliyekuwa akinywa kahawa. Memsabu akasimama. "Huyu nani, kaa hapa?"

Hemedi akainuka mbio hata kahawa ikamwagika. "Mtumishi, Memsabu. Amesahau."

"Si bibi yako?"

"Hapana, Memsabu. Si mke wangu. Mke wangu yuko ndani."

Nikaondoka kwenye kiti polepole. Mbili. Mzee Kibwana alikuwa mlangoni na sinia, akanitazama kwa muda. Aliponikuta jikoni akaniambia, "Binti, nimeishi na wake watatu na nimezika wawili. Nakuona una jambo. Liache." Nikamwambia akoroge uji wake.

Kuanzia hapo nikawa mtumishi kweli kweli. Chakula nikimpelekea Hemedi mezani mbele ya mnyapara mwenzake na mkewe, namwita Bwana Mkubwa, nampungia nzi kwa kitambaa, namuuliza kama samaki ana chumvi ya kutosha. Yule mnyapara mwenzake akamsifu, "Una mtumishi mwenye adabu, umempata wapi?" Hemedi akameza mwiba. Kohoo! kohoo! Nikampiga mgongoni kwa nguvu zangu zote, kwa jina la kumsaidia.

Siku ya tatu ilikuwa zamu yangu. Nilimjua mume wangu, Dada. Karamu ya uongo ile yote, lakini zamu atataka kuitimiza, hata kwa kunyata, maana deni la mke mbele ya Mungu analiogopa. Na chumba kile cha yaya kina amri: mgeni mwanamume haruhusiwi kufika. Amri ni ya Memsabu, na sababu yake watumishi wote wanaijua na hapana anayeisema. Basi nikamwendea askari wa pale, nikamwambia kwa sauti ya kuonewa, "Kaka yangu, yule mgeni wa namba tatu ananinyemelea. Leo kaa karibu."

Baada ya chakula cha mchana, jua kali, wageni wote wamelala, nikamwona Hemedi anakuja kwa ukutani, viatu mkononi. Mnyapara mkuu, mtu anayepigiwa saluti na kambi nzima, anatembea kwa ncha za vidole juu ya mchanga wa moto. Kwapani ana embe mbili amezifunga katika leso. Nikaziona zile embe, Dada. Ningeweza kutoka nikamwambia rudi, kuna askari. Nilikaa kimya.

"Simama hapo! Nani?"

Ikawa kelele. Watu wakatoka, Petro, yule mnyapara na mkewe, Mzee Kibwana, na Memsabu amevaa joho la kulalia. Hemedi amesimama katikati ya uwanja pekupeku, embe zimeanguka. Zuhura alikuja mbio na upande mmoja wa nywele umesukwa na mmoja haujasukwa.

Memsabu akaniuliza mimi. Alikuwa amekasirika kwa ajili yangu, jambo ambalo lilitaka kunichekesha. "Huyu bwana sumbua wewe?"

Nikasema, "Mwulizeni mwenyewe. Kama mimi ni mkewe, basi ana haki yake, na mimi sina neno."

Nikamtazama Hemedi, nikatabasamu. Nilimtazama kama umtazamavyo kuku aliyekwisha kamatwa, unamwuliza tu kama anataka achinjwe hapa au kule. Njia alikuwa nayo, neno moja, Ndiye mke wangu, na ofisi ya Mzungu ikaenda na maji. Nilimpa muda. Alinitazama mpaka macho yangu yakaanza kuchoka.

"Si mke wangu," akasema. Kisha tena, taratibu, bila kutetemeka. "Huyu si mke wangu."

Nikapiga kigelegele. Pale pale uwanjani, kirefu, kama harusini. Wakadhani nimepata wazimu. Zuhura akaketi chini mchangani akajifunika uso.

Asubuhi nikavaa kanga yangu mpya nikavuka kwenda Pangani kwa shehe, Mzee Kibwana akiwa shahidi wangu, amenuna njia nzima. Hemedi alipanda pantoni ileile akasimama upande wa pili. Sote tukatazama maji.

Shehe tulimkuta barazani kwake anashona kofia. Nikamweleza yote, neno kwa neno, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na Mzee Kibwana akathibitisha yale aliyoyasikia kwa masikio yake. Shehe hakuacha kushona. Akasema, "Maneno haya si talaka ya wazi, binti yangu. Mtu huweza kuyasema kwa uongo, au kwa hofu. Hukumu yake iko katika niya, na niya aijuaye ni yeye na Mola wake." Akamgeukia Hemedi. "Utanijibu kweli?"

Na mimi, Dada, nilikuwa nimekwisha panga yote. Wallahi sikutaka kuachwa! Nilitaka alie. Aape kwamba hakunuia, aniangukie miguuni mbele ya shehe na mpishi, aseme Mwanaisha nisamehe, nami nikatae kidogo, kisha nirudi naye Chumbageni nikamtie adabu mwaka mzima. Hilo tu ndilo nililolitaka. Hata maneno ya kukubali nilikuwa nayo tayari.

"Mara ya kwanza, kwa karani?"

"Sikunuia, shehe. Niliogopa."

"Ya pili, kwa Mzungu?"

"Sikunuia. Nilisema uongo, Mungu anisamehe."

"Na ya tatu?"

Nikasikia uzi ukipita katika kitambaa. Hemedi akasema, "Ya tatu nilikuwa nimefungua mdomo niseme ndiye. Nilikuwa nimeamua, kazi na iende. Nikamwangalia, nikamwona anacheka. Nikajua kuwa amenileta pale kwa makusudi, kama mnyama. Ya tatu nilinuia."

Nikasema, "Muongo!" Shehe akainua sindano yake kunizuia. Akasema hiyo ni talaka moja, ina rejea. Nikakae eda katika nyumba ya mume wangu, naye akinitaka anirudie kabla haijaisha, neno moja linatosha, hahitaji mahari wala harusi. Hemedi akambusu mkono, akatoka. Hakunitazama.

Nikarudi hapa. Yeye akahamia kambini. Ile kazi ya ofisini, sikwambii, akapewa mtu mwingine, na huyo ana wake watatu, ila amejua kuwaficha wawili. Nilipoambiwa nilicheka hadi nikashika ukuta.

Zuhura akawa anakuja kila wiki na samaki na unga, anakaa kizingitini. Anasema Hemedi hali vizuri. Anasema jina langu haliachi. Mwezi wa pili akanishika mikono, "Dada, nipe neno moja tu nimpelekee. Lolote. Nimwambie umechoka kukaa peke yako, atakuja leo hii." Nikamjibu, "Mwambie mtumishi haombi." Yule mtoto kwa ujinga wake akaenda akalifikisha kama lilivyo.

Jana ilikuwa siku ya mwisho. Nilihesabu vizuri, nawe unajua sikosei mambo hayo. Nikapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikaoga, nikajifukiza, nikakaa ndani nyuma ya mlango. Wakati wa alasiri nikasikia hatua zake. Miaka kumi na tisa, nazijua. Zikasimama barazani.

"Hodi," akasema.

Moyo ulitaka kunitoka kwa furaha. Nikasema moyoni, haya, amekuja, sasa asikie na yeye ladha yake. Nikanyamaza.

"Hodi, Mwanaisha."

Nikajifunika mdomo kwa kanga. Nilitaka aseme tena na tena, abishe hadi majirani watoke, apige magoti pale barazani watu wamwone.

"Hodi." Ya tatu ilikuwa ndogo, nusura nisiisikie.

Na mimi nikangoja ya nne. Dada, sisi ni watoto wa mwalimu. Nani alijua kuliko mimi kwamba hodi ni tatu, usipoitikiwa unarudi ulikotoka? Nilipofungua mlango alikuwa amekwisha pita nyumba ya mwisho. Sikumwita. Ulimi ulikuwapo, sauti ilikuwapo, nikasimama tu nimeshika komeo. Leo asubuhi eda yangu imekwisha.

Basi usiwabishie huko sokoni, waache waseme. Nitapanda meli ya pwani ikipita wiki ijayo. Nyumba hii ni yake, nimemfagilia na funguo nitampa Zuhura. Nilimwomba radhi kwa ile chai, akasema ameisahau. Mwongo yule, lakini Mungu amlipe.

Nisalimie Mama, umbusu mikono yote miwili. Nisalimie shemeji yangu mumeo, umwambie asinicheke mpaka nimekwisha kula. Nisalimie shangazi mfuma mikeka, na mjomba muadhini, na somo yangu aliyenicheza unyagoni, umwambie alinifundisha yote ila kunyamaza palipo na maana na kusema palipo na maana. Watoto wako wote wabusu.

Mwenzio nitafika nimechoka, Dada. Ukinisikia mlangoni napiga hodi, tafadhali itikia ya kwanza.

Mimi mdogo wako,
Mwanaisha binti Athumani